Gari la Uokozi Lipangiwe Siku Yake ya Kuondoka

(Mazungumzo na masheha, wazee na vijana wa mitaa ya Mji Mkongwe, Unguja, baada ya sala ya alasiri. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nimepunguza kikohozi tu.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu, wazee wangu, mama zangu mliokaa huko nyuma penye upepo, na nyinyi vijana wa maskani mliokuja kwa sababu mmesikia kuna kahawa. Nashukuru kwa kuniita. Mimi si mwanasiasa na sijawahi kuwa ofisa wa kitu. Mimi ni fundi. Miaka 22 nimelala chini ya magari ya zimamoto katika mji mmoja mkubwa wa Ghuba, mji ambao jina lake nitalisitiri, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayawapambi. Nilipoondoka hapa Unguja nilikuwa na nywele.

Nianze na dirisha. Kila mmoja wetu akirudi kwake leo aliangalie dirisha la chumba anacholala. Lina nondo. Tumeziweka kwa ajili ya wezi, na ni haki yetu. Lakini siku moshi ukishika mlango, zile nondo hazimjui nani mwizi na nani mwenye nyumba.

Januari 1912, kule New York, liliungua jengo kubwa likiitwa Equitable. Chini ya jengo palikuwa na vyumba vya chuma vya kuwekea amana za watu. Mkubwa wa kampuni ile ya amana, William Giblin, akaingia kuokoa karatasi zake, mlango ukamfungia, akabaki ameshika nondo za dirisha la chini kama mahabusu. Nje baridi kali, maji ya mipira yanaganda yakigusa ukuta. Askari mmoja wa zimamoto, Seneca Larke, akalala chini njiani, maji yanammwagikia na kugeuka barafu mgongoni, naye anakata nondo kwa msumeno wa chuma. Msumeno wa mkono, huu huu tunaokatia mabomba. Alikata zaidi ya saa nzima. Giblin akatoka hai.

Sasa fikirini. Mji ule ulikuwa na askari mamia pale na maji ya kutosha kufanya bwawa. Kilichomtoa yule mtu ni msumeno. Baada ya miaka 3, mwaka 1915, wakaunda kikosi cha kwanza cha uokozi, wakakipa gari la kutembelea aina ya Cadillac, wakalipakia vifaa vya kukatia chuma, jeki za kunyanyulia na barakoa za kupumulia ndani ya moshi. Leo New York ina vikosi 5 vya namna hiyo, kimoja kwa kila wilaya kati ya wilaya zake 5. Vyote vimezaliwa na dirisha moja lenye nondo.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu watu wengi wakisikia zimamoto wanafikiri maji. Gari la maji ni jambo jengine. Gari la uokozi aghlabu hubeba maji kidogo, au halibebi kabisa. Hilo ni sanduku la fundi lililotiwa magurudumu: mkasi wa haidroliki wa kukatia chuma, mdomo wa kupanulia mlango wa gari uliobanana, mifuko ya hewa ya kunyanyulia mizigo, jenereta, taa za mlingoti, kamba, miguu mitatu ya chuma ya kumshushia mtu kisimani, mitungi ya hewa, kipima gesi. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Hili gari ni nyenzo tupu, na ukitoa nyenzo kinachobaki ni rangi nyekundu na king'ora.

Ndiyo maana uzee wake una hila.

Gari la kawaida tunalihesabia kilomita. Mtu anakuuzia Noah anakwambia imetembea kilomita elfu 80, na wewe unatabasamu kwa sababu unajua mita ilishakwenda kwa kinyozi. Gari la uokozi unaweza kulikuta lina miaka 18 na kilomita chache za kuchekesha. Halitembei sana. Linakimbia dakika 10, kisha linasimama saa 4 injini ikinguruma, linawasha taa na kuendesha mashine. Injini ile imezeeka kwa saa, na mita ya kilomita haina habari.

Na kila kilichomo ndani kina ajali yake mwenyewe, yaani siku yake ya kufa. Tairi: viwango vya Marekani vinataka tairi la gari la zimamoto liondolewe likifika miaka 7, hata kama meno yake bado yanachoma. Mpira unakufa kwa ndani. Mtungi wa hewa wa nyuzi za kaboni huwa na umri wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Baada ya hapo, hata uwe unang'aa kama sahani ya harusi, haujazwi. Kidude cha ndani ya kipima gesi, kile kinachonusa, huchoka ndani ya miaka 2 au 3, na kikishachoka kitakwambia hewa ni nzuri huku mtu anakufa. Na mipira ya mafuta ya mkasi, hiyo inanitia hofu kuliko yote. Vifaa vingi vya namna hiyo hufanya kazi kwenye mgandamizo wa kama bar 700. Tairi la Noah yako lina bar 2 na nusu hivi. Ule mpira ukiwa umekauka kwa jua na chumvi, ukatoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta yanaingia chini ya ngozi ya mkono kabla hujasema ah.

Nitawapa kisa kimoja, nacho ndicho kilichonirudisha nyumbani, nikiwaambia kweli.

Kulikuwa na gari la uokozi katika kituo nilichokuwa nakihudumia, lina miaka 19. Kila Alkhamisi linaoshwa, linapigwa dawa ya kung'arisha, unaweza kulifanya kioo cha kunyolea. Lakini pampu ya mkasi ilikuwa na tabia ya kugoma kuwaka, na dereva wake akawa ananiomba nifuatane naye zamu za usiku, nimsaidie kuibembeleza. Usiku mmoja tukaitwa. Saluni mpya kabisa imeingia chini ya roli. Dereva yu hai, anazungumza, miguu imeshikwa.

Pampu ikawaka kwa mvuto wa nne. Nikamshukuru Mungu. Askari akaupeleka mkasi kwenye nguzo ya mlango, yale meno yakafunguka, yakauma, yakateleza. Akarudisha. Yakauma tena, tukasikia mlio kama wa mtu anayevunja mfupa wa ng'ombe kwa panga butu, na ncha ya jino moja ikaruka ikapiga helmeti ya mwenzake. Nguzo ina alama ya kucha tu.

Mkasi ule ulitengenezwa zama ambazo magari yalikuwa bati. Nguzo za magari mengi ya siku hizi ni za chuma kilichotiwa boroni na kupikwa kwa moto hadi kikawa kigumu mara kadhaa kuliko kile cha zamani. Kimewekwa hivyo ili kumlinda abiria, na kinamlinda kweli, mpaka pale unapotaka kumtoa. Ikabidi wazunguke, wakate paa sehemu nyengine, wasukume dashibodi kwa jeki za mkono. Kazi ya robo saa ikachukua dakika 50. Yule bwana aliishi. Mguu mmoja aliuacha hospitali.

Asubuhi gari likaoshwa kama kawaida. Akaja mkubwa, akaniuliza: "Gari linawaka?" Nikajibu linawaka. "Basi zima hilo." Akaondoka.

Nikabaki na tambara mkononi. Siku zote nimekuwa nikilijibu swali lile, na siku zote lilikuwa swali baya. Alipaswa kuuliza: linakata? Gari lile halikuharibika. Lilibaki vile vile kama siku lilipotoka kiwandani. Mji ndio uliolipita. Magari yalibadilika, majengo yakapanda juu, na lenyewe limekaa bandani linapigwa dawa. Nyumba njema si mlango.

Msidhani haya ni ya Ghuba peke yake. Simameni pale Darajani nusu saa muhesabu zinazopita: IST, Alphard, na siku hizi zile za mafuta na umeme pamoja, Aqua, Prius. Ndani ya Prius kuna betri ya zaidi ya volti 200 na nyaya zake zimevishwa rangi ya machungwa makusudi, ili mwenye mkasi ajue pa kutogusa. Kijana anayeokoa akiwa amefundishwa kwa Peugeot ya zamani, atakata hapo hapo.

Sasa lini liondoke? Kule Marekani wana chama cha viwango vya kukinga moto, NFPA. Ushauri wao umekaa muda mrefu: gari la zimamoto likipita miaka 15 lirudi nyuma liwe la akiba, likipita 25 liondoke kabisa. Wengine watasema hizo ni hesabu za matajiri. Ni kweli. Lakini hesabu hizo zinatugusa hata tusipozitaka, maana mji tajiri ukilitoa gari la miaka 15 halizikwi. Linapanda meli. Najua, nimeyafunga minyororo mengi kwa mikono hii, yakielekea bandari za Afrika, yamefungwa utepe na kuandikwa msaada.

Sikusema msaada ukataliwe. Mtu akikuletea kanzu unapokea na unamuombea dua. Lakini kabla hujaivaa msikitini unaangalia kwapani. Na kwapa la gari ni tairi. Vijana, sogeeni, hili ni la kuona kwa macho: hapo ukumbini nje kuna roli la mchanga, mkitoka angalieni ubavuni mwa tairi. Mtakuta kidude kama yai, ndani yake tarakimu 4. Zikiwa 3508, tairi limetoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2008. Basi. Huhitaji cheti wala hotuba ya mgeni rasmi. Gari likishuka bandarini na tairi zake zinasema 2008, umeshajua aliyekupa alikuwa analiangaliaje. Kisha uliza kitabu cha mafundi kiko lugha gani, vipuri vinatengenezwa bado au mpaka uvunje gari jengine, na upana wake futi ngapi. Kizuri chajiuza.

Hilo la upana nitakaa nalo kidogo, kwa sababu ndipo tulipo.

Mji wetu huu umeingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000. Tunajivunia, na watalii wanapiga picha za vichochoro. Lakini vichochoro hivyo vilijengwa kwa mtu, punda na hamali mwenye mzigo kichwani. Gari kubwa la uokozi litafika Darajani, au Forodhani, au Vuga, na hapo safari yake imekwisha. Kutoka hapo ni miguu. Kwa hiyo gari la fahari lililojengewa barabara za njia sita kwetu ni ghala lililoegeshwa mbali na moto.

Na nyumba zetu hazianguki kama nyumba za zege. Mnaikumbuka Disemba 25, 2020, upande wa Beit al-Ajaib ulipoporomoka mafundi wakiwa kazini. Jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, na watu wawili walipoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Jiwe la matumbawe, chokaa na boriti vikishuka vinakuwa chungu ya vumbi yenye mapango ndani yake. Kila mtu hapo anapiga kelele iletwe winchi, iletwe kijiko. Mimi nasema, na wenye ujuzi zaidi wanirekebishe: mashine kubwa ni ya baadaye. Saa za mwanzo ni za mikono, karai, miti ya kuegemezea, na ile mifuko ya hewa. Mfuko mmoja ukiwa mtupu unene wake kama kitumbua kilichokaliwa. Unaupenyeza kwenye ufa wa vidole viwili, unaujaza hewa kutoka mtungini, unanyanyua tani kadhaa polepole, na huku wenzako wanasukuma mbao chini kila unapopanda. Vitu hivyo vyote vinabebeka na watu wanne.

Wajapani wana vichochoro kama sisi, na wana vigari vya zimamoto vilivyojengwa juu ya vile vigari vidogo, hivi tunavyoita keri na ndugu zetu wa bara wanaita kirikuu. Kwa sheria yao kigari cha daraja hilo hakizidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48. Mnakiona kila siku kinabeba soda. Kwa akili yangu ya ufundi, gari letu la uokozi la hapa mjini liwe mawili: moja la ukubwa wa kati linalosimama pembeni na jenereta na mitungi, na keri moja au mbili zenye masanduku yanayochomoka, linatoka sanduku la kukatia, linatoka la kunyanyulia, na pale keri inapokwama sanduku linaingia kwenye mkokoteni. Hamali wetu wanaujua mji huu kuliko ramani yoyote. Najua wapo watakaocheka mkokoteni wa zimamoto. Wacheke.

Majumba ya Michenzani na maghorofa mapya yanayopanda huko nje ya mji yana shida zao, zinataka ngazi ndefu, na hilo ni gari la namna nyengine kabisa; sitalitia kwenye chungu hiki. Ajali za baharini nazo zina wenyewe.

Ila kuna karo, shimo la maji machafu. Naona mmetulia, kila mtaa una kisa. Mtu anashuka kulizibua, anaanguka. Wa pili anashuka kumtoa, anaanguka juu yake. Wa tatu anashikwa na mkewe kwa shati. Gesi ile ya mayai viza ikizidi inaua pua kwanza, husikii tena harufu, ukadhani imeondoka. Kifaa cha kuzuia hayo ni kipima gesi cha kiganjani, mtungi wa hewa, kamba na ile miguu mitatu. Ni vidogo kuliko king'ora. Na ndivyo vinavyosahauliwa kubadilishwa, kwa sababu havionekani siku ya maonesho.

Pemba nitaisema kwa sentensi moja, kwa kuwa mama yangu ni wa Wete na nisipoisema sitalala: gari haliogelei, kwa hiyo kila kinachopangwa Unguja kipangwe mara mbili, na cha Pemba kiwe na injini ya kupanda vilima vya Chake kwenda Wete kikiwa na mzigo kamili.

Fedha. Nilijua mtaniuliza, basi nijibu kabla.

Mama zangu hapa wote wanacheza upatu. Hakuna hata mmoja anayesubiri friji iharibike ndipo aanze kutafuta wenzake wa kucheza. Magari ya uokozi yachezewe upatu vile vile. Tuseme yanahitajika 5. Ukinunua yote 5 siku moja, utepe utakatwa siku moja, picha zitakuwa nzuri sana, na baada ya miaka 15 yote yatakuwa wazee siku moja na hazina haitakuwa na kitu. Ukinunua moja kila baada ya miaka 3, likifika la tano na miaka 3 yake ikatimia, la kwanza limegonga 15, na zamu imerudi kwake. Kila wakati unalo jipya, unalo la makamo, na fundi hajifunzi upya kila kitu kwa pigo moja. Na siku gari linaponunuliwa, mwaka wa kuondoka uandikwe kwenye kadi yake, na upakwe rangi ndani ya mlango wa dereva, aufungue kila siku auone. Nasema upakwe rangi kwa sababu karatasi nazijua zinavyopotea.

Linaloondoka lisiachwe nyuma ya banda. Nimeona magari yanayoitwa akiba ambayo yalikwishatolewa betri, yakatolewa taa, mpaka yakawa duka la vipuri lisilo na mwenyewe, na bado kwenye hesabu yanahesabiwa ni gari moja. Hiyo ni hatari, maana siku ya msiba wakubwa wanadhani wana gari. Lipelekwe kwa vijana wanaofundishwa. Walikate. Walipindue. Wajifunze kumtoa mtu ndani yake, gari lile lile lililokuwa likitoa watu.

Nimalizie na kazi tuliyokwisha kuianza, maana nimeambiwa maghribi inakaribia. Wiki iliyopita mimi na vijana wanne wa maskani tulitoka na futi ya mafundi seremala na chaki. Tukaanzia Darajani, tukaingia Mkunazini, tukashuka mpaka tukatokea Shangani. Kila penye kona tunapima upana, tunapima pia baraza za watu, maana keri inaweza kupita ukutani ikakwama kwenye baraza ya mzee aliyelala. Pahala pamoja tulisimama, kijana mmoja akanyoosha mikono, viganja vikagusa kuta zote mbili. Hapo tumeandika M, mkokoteni. Penye kupita keri tumeandika K.

Karatasi hii hapa, Sheha, ya kwako, na nakala nyengine iende kwa wenye kazi yao Zimamoto. Imebaki njia moja nyuma ya msikiti hatukuipima. Tulikwenda mara mbili, na mara zote mbili tulikuta Vespa tatu zimeegeshwa katikati, na wenyewe, naona, wawili kati yao wamekaa safu ya mbele.